BATTLETECH (2018): Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wachezaji wa Kisumu, Nakuru na Magharibi mwa Kenya

Ukurasa huu umekusanya maswali ambayo wachezaji wa Kisumu, Nakuru, Kakamega na miji jirani huyarudia kila mtu mpya anapoanza kucheza BATTLETECH. Pale ambapo jambo limekwisha kuelezwa, utaelekezwa kwenye swali lake kwa nambari.

## Mambo ya msingi

1. BATTLETECH ni mchezo wa aina gani?

Ni mchezo wa kompyuta unaochezwa kwa zamu, ambamo unaongoza kampuni ya mamluki wanaoendesha roboti kubwa za kivita ambazo wachezaji huziita meki. Ulitolewa tarehe 24 Aprili 2018. Watengenezaji wake ni Harebrained Schemes, studio ya Marekani, na mchapishaji ni Paradox Interactive wa Uswidi. Sehemu ya fedha za kuutengeneza ilichangwa na wachezaji wenyewe kupitia Kickstarter mwaka wa 2015, na mchango huo ulipita dola milioni 2.7. Jordan Weisman, mmoja wa waanzilishi wa studio hiyo, ndiye pia mmoja wa waliobuni mchezo wa mezani wa mwaka wa 1984 ambao ulizaa ulimwengu huu wote.

Mchezo una pande mbili. Uwanjani, unaongoza meki nne dhidi ya adui, kila moja ikisubiri zamu yake. Baada ya vita unarudi kwenye chombo chako cha angani, ambako unatengeneza meki, unalipa mishahara, unatibu majeruhi na kuchagua mkataba unaofuata. Wageni wengi huona upande wa pili kama mapumziko tu kati ya vita na vita. Ninasisitiza kinyume chake katika ukurasa huu mzima: matokeo ya vita huanza kuamuliwa karakanani, na ushindi uliokuacha na meki tatu zisizoweza kutembea ni hasara.

2. Je, ni lazima niwe nimecheza mchezo wa mezani au michezo ya MechWarrior?

Hapana. MechWarrior ni ya ulimwengu huo huo, lakini huko unakaa mwenyewe kwenye kiti cha rubani na kupiga papo kwa papo. Hapa unafikiri, unaamua, kisha unatazama uamuzi wako ukitekelezwa. Mtu aliyezoea drafti ataingia kwa urahisi kuliko aliyezoea michezo ya kufyatua risasi.

3. Hadithi yake inahusu nini?

Inaanza mwaka wa 3022, katika sherehe ya kutawazwa kwa Kamea Arano, mrithi wa eneo liitwalo Aurigan Reach lililo pembezoni mwa himaya kubwa. Mapinduzi yanatokea siku hiyo hiyo, na miaka mitatu baadaye, mwaka wa 3025, wewe na kampuni yako yenye madeni mnajikuta mkipigana upande wake.

Kuna jambo la historia ya ulimwengu huu ambalo linafaa kueleweka mapema, kwa sababu linaeleza sheria nyingi za mchezo. Dola kubwa ya Star League ilisambaratika karne kadhaa kabla ya hadithi kuanza, na vita vya kurithiana vilivyofuata viliangamiza viwanda na ujuzi. Ndiyo maana meki nyingi ni kuukuu na hurithiwa kama mali ya ukoo, ndiyo maana vipuri vizuri ni adimu, na ndiyo maana kuokota mabaki ya adui ndiyo njia kuu ya kupata meki mpya. Tazama swali la 21.

4. Je, mchezo una lugha ya Kiswahili?

Hauna. Kiingereza ndicho kitakachokufaa, na maandishi ni mengi, hasa mazungumzo kati ya vita. Mzazi anayemnunulia mtoto mchezo huu ajue kwamba utamdai kusoma sana.

## Kompyuta, intaneti na malipo

5. Kompyuta yangu itaumudu?

Mchezo upo kwa Windows, macOS na Linux peke yake. Haupo kwenye simu, PlayStation wala Xbox, kwa hiyo yeyote anayekuuzia faili ya kuuweka kwenye simu anakuuzia kitu kingine.

Unahitaji RAM ya angalau GB 8 na kadi ya michoro inayojitegemea. Hapo ndipo laptopu nyingi za mtumba kutoka Uingereza, zinazouzwa katika maduka ya Kisumu na Nakuru, hushindwa: zilitengenezwa kwa kazi za ofisini, zina prosesa nzuri, lakini michoro yake inategemea prosesa hiyo hiyo. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji afungue mipangilio ya Windows na akuonyeshe jina la kadi ya michoro. Ukiona Intel peke yake, bila NVIDIA wala AMD, tafuta nyingine. Diski ya SSD nayo si anasa hapa, maana mchezo huu hukawia sana kufungua uwanja wa vita ukiwa kwenye diski ya kizamani.

6. Nitalipaje ikiwa sina kadi ya benki?

Wachezaji wengi wa huku hununua kupitia Steam, duka la michezo la mtandaoni, kwa kutumia kadi pepe ya Visa inayofunguliwa ndani ya M-Pesa, huduma iliyoanza mwaka wa 2022. Bei huonyeshwa kwa dola, kwa hiyo kiasi cha shilingi kitakachokatwa kitategemea kiwango cha ubadilishaji cha siku hiyo. Weka pesa kidogo zaidi ya hesabu yako. Mchezo huu una miaka mingi sokoni na hupunguzwa bei mara kwa mara, na kwa mtu asiye na haraka, ninapendekeza kuungoja.

7. Faili ni kubwa mno kwa bando langu. Nifanyeje?

Mchezo unachukua takriban GB 30 na zaidi ukiwa na nyongeza zake. Ikiwa rafiki yako anao tayari kwenye Steam, naye yuko kwenye mtandao mmoja wa Wi-Fi nawe, Steam inaweza kuhamisha faili kutoka kompyuta yake hadi yako bila kuzipakua upya kutoka intaneti. Kila mmoja wenu ni lazima awe ameununua mchezo kwa akaunti yake. Vinginevyo, beba kompyuta hadi mahali penye intaneti ya nyaya na uupakue huko mara moja. Ukishauweka, hali ya Steam ya kutumia bila mtandao inakuruhusu kucheza hadithi yote nje ya intaneti.

8. Stima ikipotea katikati ya vita, nitapoteza kila kitu?

Hapana, mradi umezoea kuhifadhi. Mchezo hujihifadhi wenyewe katika hatua fulani, lakini pia unakuruhusu kuhifadhi mwenyewe hata katikati ya mapambano, jambo ambalo michezo mingi ya aina hii hairuhusu. Vita vikubwa vinaweza kuchukua saa nzima. Kwa anayetumia kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba, hasa nyakati za mvua na radi za jioni kando ya ziwa, ninashauri kuhifadhi kila baada ya duru mbili au tatu, katika nafasi mpya badala ya kufuta ya zamani, ili stima ikikatika wakati wa kuandika faili usipoteze zote.

9. Laptopu yangu inachemka sana mchezo ukiendelea. Ni kawaida?

Ni kawaida zaidi Kisumu kuliko Nakuru, kwa sababu ya hali ya hewa. Weka kikomo cha picha kwa sekunde kupitia mipangilio ya michoro, punguza vivuli, na uinue laptopu ili feni ipate hewa kutoka chini. Mchezo wa zamu hauhitaji kasi kubwa ya picha, kwa hiyo hupotezi chochote. Kwa joto la meki zenyewe, tazama swali la 14.

## Karakanani

10. Tani zinazoandikwa kwenye kila meki zina maana gani?

Ni uzani wa juu kabisa ambao meki inaweza kuwa nao, ikiwa pamoja na kiunzi, injini, deraya, silaha, risasi na vipoza joto. Meki za tani 20 hadi 35 huitwa nyepesi, za 40 hadi 55 za kati, za 60 hadi 75 nzito, na za 80 hadi 100 ni za mashambulizi makubwa. Fikiria lori linalokaribia mizani ya Gilgil: ekseli zake zina kikomo, na kila gunia unalotaka kuongeza ni lazima lingine lishuke. Tofauti ni kwamba hapa hakuna hata kilo moja ya ziada itakayokubaliwa, kwa kuwa karakana haitaruhusu meki iliyopita kikomo kutoka nje.

Mbali na uzani, kila sehemu ya mwili wa meki ina idadi maalum ya nafasi za silaha, na kila nafasi hupokea aina moja tu: mizinga, silaha za nishati kama leza, makombora, au silaha ndogo za karibu. Kwa hiyo meki mbili za tani 55 zinaweza kuwa na tabia tofauti kabisa.

11. Nianze na deraya au silaha?

Deraya. Hili ndilo jibu ninalolitilia mkazo kuliko mengine yote katika ukurasa huu.

Sababu yake iko kwenye gharama. Meki ikipigwa, deraya huliwa kwanza, na baada ya vita hurudishwa bila malipo na bila kupoteza siku. Deraya ikiisha, mapigo huingia kwenye kiunzi, na kiunzi hulipiwa kwa pesa na kwa siku za mafundi. Sehemu ikivunjika kabisa, silaha zilizokuwa ndani yake zinaweza kupotea moja kwa moja, pamoja na zile adimu zenye alama za +. Vita vilivyoishia kwenye deraya peke yake vimekugharimu kitu kidogo sana. Vilivyofika kwenye kiunzi vinaweza kumeza malipo yote ya mkataba.

Meki nyingi hutoka kiwandani zikiwa na silaha nyingi na deraya pungufu. Chukua Shadow Hawk ya tani 55 utakayoikuta mapema katika hadithi. Mzinga wake wa AC/5 una tani 8, na sanduku lake la risasi tani 1. Ukiviondoa hivyo viwili una tani 9 mkononi. Tani moja ya deraya ni pointi 80, kwa hiyo tani 3 tu zinakupa pointi 240 za kusambaza kifuani, mbavuni na miguuni. Tani zinazobaki zinatosha kuweka makombora ya masafa mafupi yenye risasi zake: kizinduzi cha makombora manne kina tani 2, cha sita kina tani 3. Meki inayotoka hapo hupiga kwa nguvu zaidi ikiwa karibu, na hukaa uwanjani muda mrefu zaidi kuliko ile ya awali.

Deraya ya mgongoni iwe ya wastani. Afadhali kujifunza kutompa adui mgongo kuliko kuupakia tani ambazo kifua kinazihitaji.

12. Ni silaha zipi zenye thamani mwanzoni?

Leza ya kati, bila shaka. Ina tani 1, haihitaji risasi, na pigo lake ni kubwa kwa uzani huo. Makombora ya masafa mafupi ni mazuri kwa meki inayokaribia, na ya masafa marefu humwezesha mwenzako aliye nyuma ya mlima kupiga adui anayeonekana na meki nyingine ya kikosi. Mizinga midogo kama AC/2 na AC/5 ni mizito kwa kazi inayofanya. AC/20 ni hadithi nyingine, na swali la 18 linaonyesha kwa nini.

13. Risasi niziweke wapi?

Miguuni, kwa kawaida. Sanduku la risasi likipigwa baada ya deraya kuisha linaweza kulipuka, na mlipuko huo huangamiza sehemu lilimokuwa na kumjeruhi rubani. Kifuani ni mahali pabaya kabisa, kwa sababu kifua kikivunjika meki yote imekwisha. Usibebe risasi zaidi ya mahitaji ya vita vimoja.

14. Joto linafanyaje kazi, na kwa nini meki yangu huzimika?

Kila silaha unayopiga na kila mruko kwa injini za kurukia huongeza joto. Meki hupoza kiasi fulani kila duru, na kila kipoza joto cha tani 1 unachoongeza huondoa pointi 3 zaidi. Joto likipita mstari wa hatari, meki huanza kujiunguza kiunzi chake yenyewe. Likifika kileleni, meki huzimika, husimama wima bila uwezo wowote, na adui huruhusiwa kuchagua sehemu ya kuilenga bila kulipia.

Mazingira yana uzito mkubwa hapa. Katika sayari za barafu meki hupoa haraka, na ikisimama majini hupoa haraka zaidi. Katika jangwa na kwenye miezi isiyo na hewa hupoa polepole. Soma aina ya mazingira kabla ya kusaini mkataba: kikosi kilichojaa leza, ambacho kilikufaa kwenye theluji, kitakwama mchangani.

Wageni wengi hujibu tatizo hili kwa kujaza vipoza joto hadi meki isipate joto kamwe. Sikubaliani nao. Meki isiyopata joto kamwe imebeba tani za kupoza ambazo zingekuwa deraya. Jenga meki inayoweza kupiga silaha zote kwa duru mbili mfululizo, kisha ipumzishe duru ya tatu kwa kupiga nusu ya silaha, kupigana kwa mikono (swali la 19) au kurudi nyuma ya kilima.

15. Meki nyepesi zina kazi yoyote baada ya mwanzo?

Kidogo. Hutangulia katika zamu, huona mbali na kumzunguka adui mgongoni, lakini pigo moja zuri huzimaliza. Mikataba ikifika mafuvu matatu kwenye kipimo cha ugumu ambacho kileleni ni matano, wengi huziweka bohari.

## Uwanjani

16. Kwa nini adui anacheza kabla yangu?

Kila duru ina awamu tano zinazohesabiwa kurudi nyuma, kuanzia 5 hadi 1. Kwa kawaida meki nyepesi hucheza awamu ya 4, za kati ya 3, nzito ya 2, na za mashambulizi makubwa ya 1. Rubani aliyefikisha kiwango cha 8 katika mbinu za vita husogea awamu moja mbele.

Unaruhusiwa pia kuahirisha zamu hadi awamu ya baadaye, na hapa ndipo penye mbinu ambayo kila mchezaji mzuri huitumia. Meki ya kati ikiahirisha hadi mwisho wa duru, itapiga baada ya adui mzito kumaliza kusogea, halafu duru mpya itakapoanza itacheza tena katika awamu ya 3, kabla adui huyo hajapata nafasi ya kujibu. Umepata mapigo mawili mfululizo, na katika la pili unaweza kurudi mafichoni.

17. Mbona mapigo yangu mengi hukosa?

Kwa sababu adui ametembea. Meki inayosogea mbali hupata alama za kukwepa, na kila shambulio linaloelekezwa kwake huondoa alama moja. Anza na silaha hafifu za meki yako dhaifu ili kupunguza alama hizo, kisha umalizie na meki yenye silaha kubwa. Rubani mwenye ujuzi wa kufunga kihisi huondoa alama mbili kwa mara moja na kumfichua adui aliyejificha, ila hatapiga zamu hiyo. Sheria hiyo hiyo inakulinda wewe: meki yako isisimame pahali pamoja bila sababu nzito.

18. Kulenga sehemu maalum kunafaa lini?

Kikosi hukusanya ari kadiri vita vinavyoendelea, na ari hiyo hununua pigo lenye shabaha, ambapo unachagua sehemu ya mwili wa adui. Haina hakika kamili, lakini uwezekano hupanda sana, hasa rubani akiwa na kiwango kikubwa cha mbinu za vita. Adui aliyeanguka chini au aliyezimika hulengwa bure.

Hunchback 4G ndiyo mfano ninaoupenda kufundishia. Ni meki ya tani 50 yenye mzinga wa AC/20 kwenye ubavu wa kulia, na mzinga huo wa tani 14 unaweza kung'oa mkono wa meki yako kwa pigo moja. Ukiipiga ovyo mwilini mzima, itaendelea kufyatua hadi kifua chake kivunjike. Kwa hiyo ifikie kutoka kulia kwake, kwa sababu upande unaotazamana nawe ndio unaopokea mapigo mengi. Piga leza na makombora ya meki ya kwanza ili kuila deraya ya ubavu huo. Kisha meki ya pili itumie ari kulenga ubavu wa kulia. Ubavu ukivunjika, mzinga umekwenda na mkono wa kulia umeanguka pamoja nao. Kilichobaki ni meki yenye leza chache, ambayo sasa unaweza kuimaliza kwa njia itakayokupa mabaki mengi (swali la 21).

19. Kupigana kwa mikono kuna maana kweli?

Kuna maana kubwa. Shambulio la mkono halijali alama za kukwepa, halina joto kubwa, na huyumbisha uthabiti wa adui. Adui aliyeyumba vya kutosha huanguka, na rubani wake hujeruhiwa. Kumrukia adui kutoka juu ni jambo jingine: huumiza pia miguu yako mwenyewe, nami hulitumia mara chache.

## Kampuni yako

20. Pesa zinaniishia kila mwezi. Tatizo ni nini?

Mara nyingi ni moja kati ya mawili. La kwanza ni kiunzi: unashinda vita lakini unalipia matengenezo makubwa, na meki zikiwa karakanani mwezi unapita bila mkataba. Rudi kwenye swali la 11. La pili ni meki nyingi kuliko marubani. Kila meki iliyo tayari kwa vita ina gharama ya kila mwezi, ilhali iliyowekwa bohari haina. Silaha za kawaida ulizookota ziuze, ukibakiza za akiba chache.

Safari nazo hula siku. Ukifika kwenye mfumo wa nyota wenye mikataba kadhaa inayokufaa, imalize yote kabla ya kuondoka.

21. Nitapataje meki mpya?

Kwa mabaki. Katika mipangilio ya kawaida, vipande vitatu vya aina moja hutengeneza meki kamili. Namna ulivyoiangusha meki ya adui ndiyo huamua idadi ya vipande: ukivunja kifua unapata kimoja, ukivunja miguu yote miwili unapata viwili, na ukimwondoa rubani au ukivunja kichwa unapata vyote vitatu. Kwa hiyo mbinu ya swali la 19, ya kumwangusha adui mara kwa mara hadi rubani wake ashindwe, huleta meki nzima kwa vita vimoja.

Wakati wa kusaini mkataba, unagawa masilahi yako kati ya pesa na mabaki, na ukikubali kupungukiwa na vyote unajenga jina kwa mwajiri. Mwanzoni, pesa zikikutosha mwezi mmoja au miwili, sukuma upande wa mabaki. Utakapoona meki nzito ya kwanza ya adui uwanjani, usiikimbilie kuiua. Iangalie kama mali yako ya kesho.

22. Je, marubani hufa moja kwa moja?

Ndiyo, na hawarudi. Rubani hujeruhiwa kichwa cha meki kikipigwa, meki ikianguka, risasi zikilipuka au ubavu ukivunjika. Majeraha huhitaji siku nyingi za matibabu, na yakifikia kikomo cha afya yake anaweza kufariki; rubani mwenye uvumilivu mkubwa ana nafasi nzuri zaidi ya kupona. Ajiri marubani wawili au watatu wa ziada na uwafundishe kwenye mikataba midogo. Meki ikielekea kubomoka, mruhusu rubani ajirushe nje, kwa maana hakuna meki yenye thamani ya rubani aliyefika viwango vya juu.

23. Je, ni aibu kuondoka vitani?

Hata kidogo. Ukiondoka baada ya kutimiza baadhi ya malengo, mwajiri huhesabu umejitahidi na hukulipa sehemu. Ukiondoka bila kutimiza lolote, jina lako hushuka, lakini kampuni inabaki.

## Maswali ya pembeni

24. Kuna tofauti gani kati ya hadithi na kazi huru?

Kazi huru iliongezwa bure Novemba 2018. Haina Kamea wala njama. Unapewa siku 1,200 na mwisho wake unapimwa kwa alama. Hapo unaweza kubadilisha sheria, kwa mfano kuongeza idadi ya vipande vinavyohitajika kuunda meki. Anza na hadithi, kwa sababu ndiyo inayofundisha.

25. Ninunue nyongeza ipi kwanza?

Flashpoint ya Novemba 2018, kwa sababu ya hadithi fupi zenye matawi na maamuzi. Heavy Metal ya Novemba 2019 huleta meki nane, ikiwemo Bull Shark iliyobuniwa kwa ajili ya mchezo huu. Urban Warfare ya Juni 2019 huleta vita vya mijini na vifaa vya kuvuruga vihisi. Ni nzuri, lakini viwanja vyake vya majengo huilemea kompyuta dhaifu.

26. Vipi kuhusu marekebisho ya mashabiki kama RogueTech na BattleTech Advanced 3062?

Ni kazi kubwa ya mapenzi, na hubadilisha karibu kila kitu: meki, silaha, hata namna injini zinavyohesabiwa. Yasubiri hadi umalize hadithi mara moja. Yanahitaji RAM zaidi ya ile ya swali la 5, na hifadhi za mchezo wa kawaida haziendelei ndani yake, wala za ndani yake hazifunguki ukiyaondoa. Tunza nakala ya folda ya hifadhi zako mahali tofauti kwanza.

27. Watu wawili wanaweza kucheza pamoja?

Wanaweza kupigana mmoja dhidi ya mwingine kupitia intaneti, kila mmoja na kikosi chake. Hawawezi kuendesha kampuni moja pamoja. Wengi wa huku huketi mezani pamoja na kupokezana, mmoja akiendesha meki mbili na mwenzake mbili, na kwa kuwa mchezo husubiri uamuzi, mabishano yanaweza kuchukua muda yanavyotaka.

28. Je, mchezo bado unaongezewa vitu?

Heavy Metal ilikuwa nyongeza ya mwisho. Oktoba 2023 ilitangazwa kwamba Harebrained Schemes na Paradox wangeachana kuanzia Januari 2024, na mchezo ukabaki mikononi mwa Paradox. Bado unauzwa na unafanya kazi, na mambo mapya yanayotokea sasa hutoka kwa mashabiki wa swali la 26.